Dirisha la Kuangaliwa Kutoka Barabarani

Wenye makosa nitawataja kwa kazi zao, maana majina yao sitaki yapite tena mdomoni mwangu. Wa kwanza ni madam. Wa pili ni mume wake, tuliyemwita sir. Wa tatu ni fundi, mtu wa Unguja, na huyo ndiye anayeniuma zaidi kwa sababu nilimwita kaka.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja Al Qusais, huko Uarabuni. Madam alipopata mtoto wa tatu, chumba changu cha chini kikawa cha mtoto, nami nikaambiwa nitajengewa changu juu. Paa lilikuwa la vigae, lenye mteremko, kwa hiyo chumba kikachomoza pale kama nundu ya ng'ombe. Kuta zilipanda upesi. Lakini uso wa mbele, ule unaotazama barabara, ulimkera madam. Alisema unafanana na friji.

Basi ikaanza kazi ya kuupamba. Madam alikata maboksi ya nepi akayachora madirisha: moja la mraba, moja la duara, moja lenye tao. Mimi nikapandishwa jukwaa la mafundi nikayabandika ukutani kwa mikono, moja moja, yeye akiwa ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli.

"Kushoto! Juu! Yalla, juu zaidi!"

Nikajifanya mjanja. Akisema juu, napandisha kidogo, halafu nauacha mkono uchoke, linashuka. Nilikuwa nimeshapima ndani: kitanda kitakaa hapa, mto pale. Nilitaka nikilala nione nje. Mwishowe yeye ndiye aliyechoka. "Khalas, hapo hapo. Lenye tao."

Nilishuka na furaha ya mjinga. Niliishia darasa la tano, lakini huo ujinga siwezi kuusingizia shule.

Fundi alileta tao la saruji lenye nakshi za matundutundu, akalipachika ukutani, akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Kaka, ukuta utaukata lini?"

"Niukate kwa sababu gani, dada?"

"Si dirisha?"

Akacheka hadi akaketi. "Hili la uso tu, bibi wee. Pambo, kama wanja wa macho! Jirani wa ng'ambo ana ua wake, wanawake wake hukaa humo vichwa wazi. Sir kampa neno lake kwamba huku juu hakutoboki kitu. Hukuambiwa? Nyinyi Wakenya na ujanja wenu wote!"

Nilimsihi. Nilimwambia anitobolee tundu tu nyuma ya nakshi, lielekee juu, lisichungulie ua wa mtu. Akasema inshallah. Kesho yake nililikuta, upana wa kikombe cha chai. Hilo nalikubali, alinifanyia wema. Miezi miwili niliweka mdomo pale kila asubuhi kabla ya kushuka, kama mtoto anayenyonya.

Kisha jioni moja, wakati wa maghrib, madam alirudi na gari. Nilikuwa nimeacha balbu yangu ikiwaka. Akaniita nje, nikajua nimekwisha.

"Tazama!" Mwanga ulikuwa unapenya kwenye nakshi. "Inapendeza! Utadhani kuna mtu anaishi mle."

Akataka taa ya kudumu ndani ya tao. Fundi akaitwa tena. Sir naye akapanda kutazama, akaliona tundu, macho yakamtoka. Akamuuliza fundi nani alimruhusu, wakati yeye ameshampa jirani neno lake.

Nilikuwa nimesimama pale na trei ya chai. Fundi hakunitazama.

"La waya hilo, sir. Nililiacha makusudi kwa ajili ya taa."

Sir akampiga bega, akamwita mtu mwenye akili. Fundi akapitisha waya, akaziba pembeni kwa silikoni, akailainisha kwa kidole kwa uangalifu mkubwa. Najua alikuwa na viza ya kulinda. Mimi pia nilikuwa nayo, ndiyo maana sikusema kitu. Haya, na mimi mniweke kwenye orodha, wa nne.

Agosti, AC ya chumba changu ikafa. Madam alisema fundi wa AC anakuja kesho, na kesho yake akasema kesho. Siku ya tatu niliamka nikiwa sakafuni, sijui nilifikaje, shuka imelowa kama imetoka kwenye ndoo. Nikachukua kijiko nikakwangua ile silikoni. Nilikwangua mpaka waya ukakatika, ukanirusha nyuma. Upepo ulioingia ulikuwa wa moto, lakini ulikuwa upepo.

Jioni madam akanikuta jikoni. "Kwa nini dirisha langu halina taa? Kesho nina wageni."

Fundi alifika asubuhi mapema, yule yule wa Unguja, na waya mpya na silikoni yake. AC ilisubiri hadi wiki iliyofuata. Nilimshikia ngazi.