Mate ya Baraka ya Sabdio

Mke wangu Sabdio ni mbishi, na msinitolee macho, namsema huku nampenda. Miaka thelathini sasa watu wa Garsen wanakuja kwetu kuchukua unga wake wa kikohozi, wa magome ya mgunga. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuyakausha, kuyatwanga, kuuchekecha unga, na mwisho kuusomea dua na kuutemea mate kidogo, mate ya baraka, kama sisi Waorma tunavyombariki mtoto. Bila hayo, alisema marehemu, huo ni unga wa mti tu.

Mwaka jana akaja Kaviha, binti wa Kipokomo kutoka Kulesa, anayefanya utafiti wa dawa za asili. Alituletea mizani, glavu, barakoa, vifuko vya kufunga na daftari la kuandika tarehe ya kila unga unaotwangwa. Sabdio akayashika yote upesi, hata mimi akanifukuza jikoni eti naingiza vumbi. Lakini sampuli ya kwanza ikakataliwa na maabara. Ya pili nayo ikakataliwa: ina vijidudu vya kinywani. Ya tatu ikikataliwa, dawa yake inatolewa kwenye utafiti, na hakuna duka la dawa litakaloipokea.

Kaviha akaja kwa pikipiki kuuliza. Maji yanatoka wapi, kinu kinaoshwaje, chekeche je? Sabdio akajibu vizuri, mate hakuyataja. Hakuficha, kwake kutema mate ni kama kusema bismillahi, nani huhesabu hiyo kuwa kazi? Mimi ndiye niliyeropoka habari ya mate. Wallahi nilijuta, maana mke wangu aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa akidokoa nyama.

Siku mbili hakugusa mchi. Nilimtania, hakucheka. Chai yangu ilikuja bila sukari, nikainywa hivyo hivyo. Siku ya tatu akaniambia anaacha kazi hii, kwa sababu dawa itafika Bura, itafika Mombasa, kwa watu asiowajua, na mate yakikatazwa, yeye hawezi kumpa mgonjwa kitu kisicho na baraka. Nilimwonea huruma.

Kaviha aliporudi nikamweleza yote mlangoni. Nilidhani ataanza somo lake la vijidudu. Akavua viatu, akaingia, akavua kilemba chake na kupiga magoti mbele ya Sabdio.

"Mama, dawa itapita mikononi mwangu kabla ya kuwafikia wagonjwa," akasema. "Nibariki mimi."

Sabdio akasoma dua yake yote, hakuruka neno, akamtemea kwenye paji la uso. Kaviha hakujifuta. Mke wangu akalia, na mimi, mzee mzima, nikalia naye.

Halafu akainuka, akanawa mikono kwa sabuni, akaniita nimfungie barakoa.