Njiwa wa Mzee Wilf

Neville Garside alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho ni kuwachekesha watu kwa mambo yasiyochekesha. Siku za kazi alipakia mikate kiwandani katika mji wa Barnsley. Jumamosi alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya panki, muziki wa kelele na fujo, iliyoitwa Meno ya Bandia. Walikuwa vijana wanne, nywele zimesimamishwa kwa sabuni, nguo zimeshikizwa kwa pini, na hakuna aliyejua kupiga chombo chake sawasawa. Lakini nyimbo zao za utani, zote kazi ya Neville, ziliwavunja watu mbavu.

Mwaka 1979 wakapata mtu wa kuwatolea albamu yao ya kwanza. Wimbo uliotegemewa kuliko yote ulimhusu mzee aliyepiga magoti kwenye banda lake la njiwa, akimlilia njiwa aliyepotea kwenye mashindano ya mbio, yale ambayo njiwa huachiwa mbali ili waruke kurudi kwao. Kwenye kiitikio bendi nzima iliiga mlio wa njiwa, na watu wakifika hapo walicheka mpaka machozi.

Mzee huyo alikuwa Wilf, baba mzazi wa Neville, mchimba makaa ya mawe aliyestaafu. Neville alikuwa amemchungulia dirishani. Alichokiacha nje ya wimbo ni kwamba siku ile ndiyo waliyomzika mama yake, Edna, na njiwa aliyepotea alikuwa amelelewa na Edna mwenyewe, akilishwa mkononi. Jambo hilo aliliacha kwa makusudi, kwa kuwa lingeharibu utani.

Dhamiri ilimsuta, sikatai. Wiki moja kabla ya santuri kuchapwa alimwambia Desmond, mwimbaji wao, kwamba wimbo ule uondolewe, baba yake asije akaaibika.

"Ukiuondoa huo tunabaki na nini?" Desmond akamcheka. "Mzee wako hata redio hasikilizi, bwana."

Neville angeweza kushikilia msimamo. Nyimbo zilikuwa zake, na wenzake walilijua hilo. Akauacha wimbo ubaki, maana alitaka jina kupita kiasi. Hapo mimi simhurumii hata kidogo.

Albamu ikatoka, na kabla mwezi haujaisha mji mzima ulikuwa unauimba ule wimbo, na kila mtu alijua mzee huyo ni nani. Ijumaa moja Wilf alibeba kikapu chake cha njiwa hadi klabuni kwa wafuga njiwa, ambako ndege huvishwa pete za mpira za kuwatambulisha kabla ya mashindano. Alipoingia tu, mmoja akaanza kuiga mlio wa njiwa, wengine wakamfuata. Hao walikuwa watu aliochimba nao makaa shimoni miaka arobaini. Wilf aligeuka na kikapu chake, akarudi nyumbani.

Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Nimeusikia," alimwambia mwanawe mezani. "Unachekesha. Ila hukuwaambia siku ile ilikuwa siku gani."

"Ningewaambia wasingecheka, baba."

"Ndiyo," alisema Wilf, akaendelea kula viazi vyake.

Wiki iliyofuata aliwauza njiwa wote kwa mtu wa mji jirani wa Doncaster, akaupigilia misumari mlango wa banda. Mfugaji yeyote wa ndege hao anajua kwamba njiwa mkubwa ukimnunua humwachii aruke, la sivyo atarudi alikozaliwa. Yule wa Doncaster aliwaachia mapema mno. Jumapili asubuhi walikuwa wamejaa juu ya paa la banda la Wilf, wakizunguka kutafuta pa kuingilia.

Wilf alikaa jikoni na chai yake, hakutazama nje. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu mvua ikawanyeshea tangu alfajiri, na Neville akashindwa kuvumilia. Akachukua nyundo akang'oe misumari.

Alipofika mlango wa jikoni baba yake akamsemesha bila kugeuka.

"Waache hao. Kaa chini uwatungie wimbo."