Nyama ya Kupandikiza

Ilianza Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, katika hospitali moja ya Mikumi, daktari alipomwambia mama kwamba titi lake linaweza kutengenezwa upya. "Tunapandikiza nyama," alisema. Mama alikuwa anatazama sakafu. Mimi pia, ila mimi huwa nachungulia, kwa hiyo nilimwona daktari akijipapasa tumbo la chini wakati anaeleza.

"Hapana, daktari. Asante," mama akasema, mkoba ameukumbatia kifuani kama kawaida yake.

Daktari akamwambia akafikirie. Yeye alikuwa daktari mgeni, huja pale mara chache kwa mwaka, na angeondoka kesho yake mchana.

Nilishangaa. Mama alikuwa analitamani jambo hilo tangu alipokatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Huweka kitambaa ndani ya sidiria, na msimu uliopita kilimdondoka jarubani tukipalilia mpunga, mbele ya watu. Alikiokota, akakikung'uta tope, akaendelea kupalilia. Tangu siku hiyo haendi harusini. Tulitoka Kilosa alfajiri, tukakaa kwenye benchi mpaka miguu ikanivimba, halafu anasema hapana.

Tulilala kwa mama mdogo, anayeuza chakula kwa madereva wa malori palepale Mikumi. Alituwekea wali na maharage, akamuuliza dada yake imekuwaje.

"Wanataka kunipandikiza nyama," mama akasema. "Mimi nivae nyama ya maiti wa watu? Niswali nayo?"

"Nani kasema maiti?"

"Kupandikiza si ndiyo hivyo? Redioni kila siku, fulani kapandikizwa figo, kapewa na ndugu yake. Sasa mimi titi nani atanipa akiwa hai?"

Mama mdogo akamwongezea maharage. Nilikuwa nimechoka mpaka kope zinauma, na mambo ya mwili siyawezi mbele ya watu wazima. Nikasema huku natazama sahani, "Mama, siyo ya mtu. Ni ya tumboni mwako."

"Wewe umejuaje?"

"Alionyesha. Ni kama mpunga. Miche tunaing'oa kitaluni, tunaipandikiza jarubani. Siyo mpunga wa jirani, ni wetu uleule, umehama tu."

Mama akaacha kula. Mama mdogo akajifinya tumbo kwa mikono miwili. "Basi dada, chukua huku! Mimi nina kitalu cha kutosha."

"Lako hilo la chipsi, litaninukia mafuta."

Wakacheka. Mama alikuwa hajacheka hivyo muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Litakuwa linahisi kama hili jingine?"

"Sijui, mama."

"Na kuinama shambani je?"

"Sijui."

"Basi kesho utaniulizia."

"Mama, yule mwanaume!"

"Kwani mimi nilikuwa natazama sakafu kwa sababu gani?"

Asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi. Nikamwamkia daktari shikamoo, akaitikia marahaba, nikauliza yote, na neno titi nikalitamka. Akajibu polepole. Nyama na ngozi ni za mama mwenyewe, kutoka tumboni. Umbo litarudi, lakini kuhisi kama zamani pengine hapana. Tumboni nako patabaki kovu. Wiki kadhaa hakuna jembe wala ndoo. Na akiamua kubaki alivyo, hajakosea chochote. Anaweza kuja hata baadaye.

Mama akasimama na mkoba wake, nikadhani anaaga.

"Mpunga bado uko shambani," akasema. "Ukirudi tukiwa tumeshavuna, utanikuta hapa. Ndoo atabeba huyu."

Tulipotoka nje akanipa mkoba wake. Nikauvaa begani, tukaenda kutafuta gari la Kilosa, yeye mbele, mikono mitupu.