Mtaa wa Stesheni Kabla Haujanyooshwa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya picha lilikuwa kumfuta mtu ili mtaa upendeze. Nalisema mapema, maana nikichelewa nitaanza kulipamba.

Hakuna aliyekaa nami kunifundisha. Nilimbebea masanduku Mgoa mmoja aliyefika Morogoro na mashine yake ya picha miezi kadhaa kabla ya reli, na kila alichokifanya mchana nilikirudia kichwani nikiwa nyumbani. Hata kusoma nilijisomesha, kwa kunakili maandishi ya kwenye makopo yake ya dawa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hajui ni lini kazi imetosha. Naweza kupangusa kioo kimoja cha kunasia picha mpaka mkono ukafa ganzi, halafu nikakipangusa tena kwa kuogopa kwamba sikukipangusa vizuri.

Mgoa yule, fundi wangu, aliposhikwa na homa, alinituma nikaupige peke yangu mtaa unaotoka sokoni. Amri ilikuwa imetoka bomani kwamba utanyooshwa ufike stesheni mpya, naye alitaka picha yake kabla haujaguswa. Ulikuwa mtaa uliopindapinda, nyumba za udongo na nyasi huku na huku, mbuzi katikati, na milima juu ya mapaa. Nilisimamisha mashine kwenye kona ya duka la Mhindi, nikawapigia watu kelele wasitikisike, nikafungua kifuniko, nikahesabu mpaka sita. Nilipofika nne, mwanamke aliyeketi mbele ya nyumba moja, amejitanda kitambaa cheupe, aliinama, akainuka.

Picha ilipotoka, kila kitu kilionekana sawasawa, hata pembe za mbuzi, hata makorongo ya mlimani. Yeye tu alikuwa moshi mweupe mbele ya ukuta. Nililia, sioni haya kusema. Kesho yake nikachukua wembe. Kwenye kioo, kitu cheupe huonekana cheusi. Nikaukwangua ule weusi taratibu mpaka pale alipokuwa pakalingana na kivuli cha nyumba. Fundi alikiinua kioo kwenye mwanga akasema, "Safi." Nilitembea na neno hilo wiki nzima.

Mtaa ukanyooshwa. Nyumba za upande wa mlimani zikabomolewa, miti michanga ikapandwa kwa mstari, na njia ikawa pana hata mikokoteni miwili inapishana bila matusi. Reli ilipoendelea bara, fundi aliifuata, akaniachia mashine kuukuu na vioo asivyovihitaji. Nikafungua kibanda karibu na stesheni, na ukutani nikatundika picha ya mtaa ule. Watu walisimama kulinganisha.

"Hapa ndipo alipokaa yule muuza tumbaku."

"Wapi! Hapo palikuwa na shimo, nawe uliwahi kuangukia humo."

Nilikuwa nawasikiliza nikijisifu kimoyomoyo.

Asubuhi moja akaingia mwanamke mjamzito, miguu imejaa vumbi la njia ya Matombo. Alinizidi miaka michache tu.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, dada. Karibu."

"Wewe ndiye uliyesimama na sanduku la miguu mitatu ukatupigia kelele tusitikisike?"

"Ni mimi."

"Basi nionyeshe nilipokuwa nimekaa."

Nilimpa kigoda. Alinieleza kwamba mtoto wake wa kwanza aliishi siku chache, wakamzika kando ya mlango wa nyumba waliyokaa mtaani hapo. Nyumba zilipobomolewa, yeye na mumewe walirudi Matombo kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Sasa alikuwa anatarajia mwingine, na mama yake alimwambia ashuke kwanza mjini akamweleze yule aliyetangulia, kwa mdomo wake mwenyewe. Jana yake alikuwa ametembea mtaa mzima asitambue kitu.

"Nimepita juu yake, sijui mara ngapi," akasema.

Nikaishusha picha ukutani. Kidole chake kikaenda nyumba kwa nyumba, kikasimama, kikarudi.

"Mimi simo."

"Pengine ulikuwa umeingia ndani," nikasema. Uongo huo ulitoka wepesi kuliko kweli yoyote niliyowahi kusema.

"Nilikuwa nje. Kuku alikuwa anaparua pale alipolala mtoto, nikainama kumfukuza." Akaitazama tena. "Basi si nyumba hii. Labda hii ya pili. Au nimesahau." Sauti yake ikapungua. "Mama gani anasahau?"

Hapo nikashindwa.

"Hukusahau, dada. Ulikuwepo. Nilikukwangua kwa wembe."

"Kwa nini?"

"Ulitikisika. Niliona umeharibu picha."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Kisha akacheka kidogo, huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe! Ungeniambia mapema, ningekaa kama gogo."

Nikatoa kioo chenyewe, nikakiinua mlangoni. Pale nilipokwangua, dawa ilikuwa nyembamba kuliko kwingine, doa dogo mbele ya nyumba ya tatu. Aliweka ukucha juu yake. Juu ya doa hilo, mlimani, palikuwa na pengo kati ya vilele viwili.

Tukatoka. Nikasimama kwenye ile kona ya duka, ambayo haikuguswa, picha mkononi, nikamwomba atembee mpaka awe chini ya pengo lile.

"Kulia, dada. Hapana, nusu hatua. Rudi."

Mahamali wa stesheni wakasimamisha mikokoteni.

"Bwana Picha! Mlima umepinda, unataka tuusukume?"

"Mwache, anamfundisha mkewe kutembea!"

"Na wewe alikufundisha nani," dada akamjibu bila kugeuka, "kwa miguu hiyo?"

Wakamcheka mwenzao. Mimi nilikuwa natoka jasho. Nilikimbia kwake na kurudi kwenye kona mara tatu, mara naona nimesimama juu kuliko ilivyokuwa mashine, mara naona amesogea.

"Inatosha," akasema.

"Bado. Huenda ni hatua mbili upande huu."

"Mwanangu alikuwa na urefu huu," akashika mkono wake toka kiwiko mpaka vidoleni, "lakini nikimwita kutoka hatua mbili, atanisikia."

Akaketi chini, kati ya miti miwili, akafungua unga wa tambiko aliokuwa ameufunga kwenye jani la mgomba, akaanza kusema kwa Kiluguru, taratibu, kama mtu anayezungumza na aliye jikoni. Nikasimama katikati ya njia, mikono nimeitanua, mikokoteni ipite pembeni. Yule hamali aliyetaniwa akaweka wake chini, akasimama kando yangu, akatanua mikono yake pia.

Tangu siku hiyo sijamkwangua mtu. Picha zangu za mtaa zina moshi mwingi, wateja wengine huzirudisha, na kila inaporudishwa naumia vilevile. Ile ya zamani sikuirudisha ukutani. Nyuma yake nimeandika kwamba mbele ya nyumba ya tatu palikuwa na mama na mtoto wake. Siku hizi nikiwa nahesabu na mtu akatikisika, namwacha.