Pompe ya Katanika na Jeuri Yangu

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, wala siikumbuki kwa furaha. Unanijua. Niliacha masomo primeri haijaisha, nikasukuma mizigo bandarini hapa Kalemie, na leo boti zangu mbili zinaenda Kigoma. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo nimelisema mbele ya watu wengi na nitalisema tena. Hili la leo ndilo sipendi kulisema.

Watu walipokimbia vita wakajaa kambi ya Katanika, mimi ndiye niliyekuwa prezida wa kikundi chetu cha vijana. Tulibeba maharagwe, tukachimba vyoo, kisha vijana wenzetu wa Ubelgiji wakatutumia pompe ya maji. Waliomba jambo moja tu: tufundishe wamama sita wa kambi kuitengeneza. Nikakubali kwa mdomo. Moyoni nikasema, wakijua wao, nani ataniita mimi? Kle, zile spana za kuifungulia, nikazitia kwenye sanduku, nikapiga kufuli, sanduku likakaa kwangu. Pompe ikikohoa, nafika na pikipiki, watoto wanaimba jina langu. Ilikuwa tamu, sikufichi.

Basi nikaenda Kigoma kufuata mali. Siku ya pili simu ikalia. Alikuwa Mama Feza, mmoja wa wale waliokimbia, mwenye mtoto mmoja tu.

"Papa Prezida, pompe imekufa. Tuende kwako, tuvunje kufuli ya sanduku?"

"Weee! Mutaharibu kila kitu. Mungoje, nakuya."

Ziwa likachafuka. Nilirudi baada ya siku nane. Watu walikuwa wameteka maji ya mtoni, kipindupindu kimeingia kambini, na Feza, miaka minne, amekwisha kuzikwa. Kilichoharibika kwenye pompe kilikuwa raba moja. Niliibadilisha kwa muda ambao hata chai isingepoa.

Mama Feza akaja, akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele.

"Siye tulizani maji inatoka mu udongo," akasema. "Kumbe inatoka mu mufuko yako."

Kesho yake nikampa sanduku, nikamfundisha yeye na wenzake. Alijifunza haraka, bila kuniangalia usoni. Tangu hapo hawajaniita hata mara moja. Nikimkuta sokoni namsalimu, "Jambo, Mama Feza," maana ndivyo watu wote wanavyomwita, na kila mara ni jina la mtoto yule linalotoka mdomoni mwangu.

Sasa nasikia nanyi mmeanza kikundi chenu. Vizuri. Lakini, mwanangu, jiulize kila jioni: nikiondoka kesho, kazi hii itabaki? Wafundishe wenyewe mapema, wakupite, hata wakusahau. Kusahauliwa kunauma kidogo. Mimi najua kinachouma zaidi.

Mungu akupe mikono ya kazi, akuondolee hamu ya kuimbwa, na asiwepo mama atakayezika mtoto akikungoja wewe.