Nilifupisha milango yote ya nyumba Makomeno kwa kubadilisha namba moja kwenye laptop

Wakuu, habari za huko mliko.

Leo naleta uzi unaonidhalilisha, kwa hiyo mjue ni wa kweli. Ningetaka kudanganya ninazo stori nzuri zaidi, ambazo ndani yake nashinda mwanzo mwisho.

Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa Lubumbashi, Kongo. Sina mjomba waziri. Nilisafirisha samaki wakavu kutoka Kasenga miaka minne mpaka nikapata ada, nikaenda Dar, nikarudi na diploma ya architecture. Imetundikwa sebuleni juu ya TV. Ukija kwangu kuangalia mpira, lazima uione.

Niliporudi, mtaani kwetu nilikuwa peke yangu ninayejua parametric modelling. Wenzangu walikuwa bado wanachora mstari mmoja mmoja kama wanashona shati.

Kwa wasiojua: kwenye parametric huchori ukuta, unaandika sheria. Unaiambia software, "Urefu wa mlango ni kozi kumi na moja za tofali." Kozi ni ule mstari mmoja wa matofali. Ukibadilisha kimo cha tofali, nyumba nzima inajipanga upya yenyewe: milango, madirisha, kuta, paa. Wewe unakunywa chai.

Basi nilikuwa nakunywa chai.

Kipindi hicho mambo yalikuwa yamevurugika. Vita huko mashariki vilikuwa vinamwaga watu kila upande, na huku kwetu mpaka wa Zambia ulikuwa unafungwa na kufunguliwa kama mlango wa baa. Saruji ikapotea mjini.

Mteja wangu alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Nord-Kivu. Mlokole, hagusi hata bia ya harusi. Vita vilimkuta Goma, akaacha bohari lake na shehena yote ndani, akaokoa malori mawili na familia. Yeye, mkewe Mama Masika, watoto wao, na watoto wa marehemu kaka yake. Jumla watu kumi na wanne.

Walikuwa wanalala hapa mjini kwenye bohari la kupanga, juu ya magunia. Mwenye bohari alishawaambia: mvua zikianza mtoke, naingiza mbolea yangu.

Kwa hiyo nyumba aliyonipa nimchoree, mtaa wa Makomeno hapa Lubumbashi, haikuwa nyumba ya kuringia. Ilitakiwa iwe na paa kabla ya mvua.

Nilikuwa nimeichora kwa bloku za saruji. Ukihesabu na udongo wa kuunganishia, kozi moja sentimita ishirini. Kozi kumi na moja, mlango mita mbili na ishirini. Safi kabisa.

Saruji ilipopotea tukaamua kutumia matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu. Msidharau. Huku vichuguu vyetu vingine vimezidi nyumba kwa urefu, na tofali lake ni gumu kuliko bloku. Ila ni fupi: kozi moja inatoka sentimita kumi na sita.

Nikafungua laptop mbele ya Papa Kambale. Nikafuta ishirini, nikaandika kumi na sita. Enter. Nyumba ikajipanga upya mbele ya macho yake. Mzee wa watu akasema, "Mungu ni mukubwa." Nikapokea sifa kwa niaba ya Mungu.

Wenye hesabu mmeshaona. Kozi kumi na moja mara kumi na sita ni mita moja na sabini na sita. Mlango wa nyumba ya watu wazima, wakuu. Na kuta zote zimeshuka vilevile.

Mtauliza sikuona kwenye screen? Sikuona! Kila kitu kilishuka kwa uwiano uleule, nyumba ikabaki nzuri. Na wale watu wa picha wanaosimama mlangoni kuonyesha ukubwa, mimi fundi niliwafunga kwenye kimo cha mlango ili wapendeze. Nao wakafupika. Nyumba fupi, watu wafupi, kila mtu anatabasamu.

Nikaprint, nikasaini, nikampa fundi mwashi, Papa Ngoie. Huyu ni Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, baba na babu yake walikuwa wafanyakazi wa reli. Aliishika ile karatasi kama barua ya askofu.

"Archi, mulango iko kozi kumi na moja?"

"Ndiyo, Papa."

"Na hii tofali ya kichuguu? Kumi na moja tu?"

"Papa, computer imeshahesabu. Jenga plan."

"Sawa. Ni weye ulisoma."

Akajenga.

Sasa Papa Ngoie ana desturi yake moja. Kabla ya kumwaga zege la juu ya mlango wa kwanza, analaza ubao pale zege litakapokaa, halafu anamwita mama wa nyumba apite chini yake na beseni la maji kichwani. Anasema mwenye mlango si baba, baba anapita mikono mitupu.

Mimi siku hiyo nilicheka. Nikamwambia Papa Kambale hayo ni mambo ya kizamani, tunapoteza muda.

Mama Masika akaja na beseni limejaa, mgongo umenyooka, hatazami juu. Beseni likagonga ubao. Maji yote yakamshukia yeye.

Watoto wakacheka, mpaka walipoona uso wa baba yao.

"Nani alihesabu hapa?" Papa Kambale akauliza.

Wakuu, hapa ndipo ninapoona aibu. Nilisema, "Fundi atakuwa ameruka kozi."

Papa Ngoie alitoa mfukoni karatasi yangu, imekunjwa pamoja na rozari, akanipa mimi mwenyewe.

"Soma, archi. Soma kwa nguvu, mama asikie."

Nikasoma. Mlango, kozi kumi na moja. Na chini yake saini yangu, kubwa kama ya gavana.

Mama Masika akajifuta uso na kitenge.

"Toka Goma nilikuya na kichwa chini, ku kila bariere ya baaskari," akasema, yaani vile vizuizi vya barabarani. "Sasa na ku nyumba yangu nitainama?"

Nikaikunja ile karatasi, nikaiweka mfukoni mwangu.

Nilimwambia Papa Kambale kosa ni langu, la fundi halipo. Akatazama mawingu. "Mvua iko karibu, archi. Jenga kwanza, utalia kiisha."

Hakukuwa na cha kubomoa, ilikuwa ni kuongeza kozi. Ila matofali tuliagiza ya nyumba fupi, na mawingu yakija watu wanazima matanuri. Nilizunguka barabara ya Kipushi siku mbili. Tanuri la mwisho lilikuwa na matofali ya kalibu nyingine, mafupi zaidi: kozi moja kumi na tano. Nikayapakia mwenyewe, na shati la ofisini.

Hapa parametric ililipa. Nilikaa na Papa Ngoie tofali kwa tofali, tukaandika sheria upya: kozi kumi na moja za zamani, tatu za mpya. Mlango mita mbili na ishirini na moja. Asubuhi moja nyumba nzima ilikuwa imepangwa. Yeye ndiye aliyebonyeza enter.

Mvua ya kwanza ilitukuta tukipigilia bati la mwisho. Watu kumi na wanne waliingia wakikimbia na magodoro, sakafu bado udongo. Hakuna aliyeinama.

Nilichojifunza: software haijui mtu ana kimo gani mpaka umwambie. Siku hizi kwenye kila modeli yangu namba ya kwanza ni mama na beseni, mita mbili na sentimita tano, na nimeifunga kwa password. Na fundi akiuliza swali mara mbili, naenda kupima.

Mnaochora, semeni ukweli: ninyi mlishamsingizia fundi mara ngapi?

Karibuni mnirushie mawe. Matofali tumeyamaliza.