Ute Tuliouita Uchafu

Diploma yangu ya famasi sikupewa na mtu. Baba alikuwa mkulima wa mpunga hapa Usevya, na nilipomaliza kidato cha nne alinionyesha jembe. Nikaenda Mwanza, nikafanya kazi za ndani, nikauza vitumbua stendi, nikasoma. Nayasema waziwazi kwa sababu ni kweli: katika ukoo wetu hakuna aliyefika chuo kabla yangu. Niliporudi nilifungua duka la dawa lenye kaunta ya kioo, la kwanza la namna hiyo kijijini. Watu wakaanza kuniita dokta. Sikuwasahihisha.

Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu. Alikuwa ametoka kwao Kasansa, ana mwaka mmoja kwenye ndoa na bado hajashika mimba. Alisubiri watu waondoke, akaegemea kaunta.

"Wifi, natokwa na uchafu."

"Unawashwa?"

"Siwashwi."

"Unanuka?"

"Haunuki. Hauna hata rangi. Unateleza tu, unavutika kama ute wa yai. Unakuja siku mbili tatu unaisha, mwezi ukizunguka unarudi. Au ndiyo magonjwa ya mjini mliyotuletea nyie wasomi?"

Tulicheka wote wawili. Nikampa antibiotiki na vidonge vya kuweka ukeni, nikamwandikia matumizi kwa mwandiko wangu mzuri. Kisha nikaongeza, kwa sauti ya mtu mwenye cheti ukutani: "Na siku hizo usikutane na mumeo mpaka ukauke."

Alinitii. Kila mwezi ute ulipoanza alikuja kuchukua dawa, akahamia nyumba ya mama mpaka uishe. Mama aliponiuliza kulikoni, badala ya kutunza siri ya mteja nilimjibu, "Ana uchafu kwenye kizazi, namtibu." Mama akawaambia shangazi. Shangazi wakakiambia kisima kizima. Miaka miwili ikapita hivyo, kisha kaka akaleta mwanamke mwingine. Padri alikuja kusuluhisha, akashindwa. Wifi alirudi Kasansa akiwa na begi moja.

Mwaka jana mwalimu wa sekondari aliniomba nikazungumze na wasichana wa kidato cha pili juu ya miili yao. Nilivaa koti jeupe. Nilichora duara ubaoni, duara safi, nikawapitisha mwezi wote. Hedhi ikiisha, wengi hukaa siku kadhaa wakavu. Kisha huja ute mzito, mweupe, kama losheni. Yai linapokaribia kutoka, ute unakuwa mwepesi, hauna rangi, unateleza na kuvutika. Hizo ndizo siku ambazo mimba hushika kwa urahisi zaidi. Baadaye unakuwa mzito tena au unakauka, mpaka hedhi nyingine. Nikawaambia kila mwanamke na mzunguko wake, wasijilinganishe. Nikawaambia ugonjwa una dalili zake: kuwashwa, harufu mbaya, mabonge kama maziwa ya mgando, rangi ya kijani, maumivu chini ya kitovu. Ukiona hayo, nenda kituo cha afya ukapimwe.

Msichana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Madam, huo wa kuvutika si ndio mama alipewa dawa dukani kwako? Alisema ni uchafu."

Wenzake wakacheka. Nikajibu haraka, "Mama yako hakueleza vizuri."

Lakini wifi alieleza vizuri. Nilibaki na chaki mkononi nikimsikia. Chuoni swali la dalili hizo hizo lilinijia kwenye mtihani, nikapata alama zote. Ila karatasi ya mtihani iliandika "ute". Wifi alisema "uchafu", kama wanavyosema wanawake wote wa kwetu, kama nilivyofundishwa na mama nikiwa binti. Nilisikia uchafu, nikatoa dawa ya kusafisha.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Kasansa. Nilimkuta uani kwao anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, sikuficha. Mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo zilikuwa siku zenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka miwili umenitoa nyumbani kwangu siku zenyewe."

"Sijui kama ungeshika, wifi. Hakuna ajuaye. Kaka mwenyewe hakupimwa."

"Usinipunguzie. Na wifi unaniita kwa lipi sasa?" Akachukua hindi jingine. "Ulimwambia mama yako mimi mgonjwa. Kamwambie sikuwa mgonjwa. Mkiwa mmekaa nyie wote, siyo mmoja mmoja."

Hakunikaribisha maji. Nilisimama hapo na viatu vyangu vya mjini, nikaona nywele nyeupe mbili tatu juu ya sikio lake, nikaondoka.

Jumapili baada ya misa nilisema, uani kwa mama. Mama alijifunika mdomo kwa kitenge. Kaka alikuwa amempakata mwanawe aliyesinzia. Mama wa mtoto alikuwa jikoni akitwanga kisamvu. Nilidhani kaka atanitukana. Ningependa anitukane.

"Zile siku alizokuwa anahamia kwa mama," aliuliza polepole.

"Mimi ndiye niliyemwambia akuepuke."

"Mimi nilijua amenichoka, dada." Alimtazama mtoto, siyo mimi. "Nilijua ana mtu. Sikumuuliza hata siku moja."

"Hakuwa na mtu."

"Nilikuwa nampenda yule," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na jikoni mchi ukanyamaza.